Raundi Ishirini za Mzee Mwadini

Mzee Mwadini alikuwa na uongo mmoja tu katika maisha yake. Mmoja mkubwa, nasema. Vile vidogo vya kumwambia daktari kwamba chai anakunywa bila sukari, hivyo havihesabiki, hivyo wazee wote wa Woolwich, hapa London, wanavyo. Lakini huu mkubwa ulikuwa na miaka karibu sitini, umenenepa, umeota ndevu, na ulikuwa hivi: kwamba mwaka sitini na saba, kwenye mashindano ya magari ya kukimbia saa sita mfululizo kule Brands Hatch, madereva wa timu yake waliugua ghafla, na yeye Mwadini, kijana wa miaka ishirini na moja kutoka Malindi ya Unguja, akaruka ndani ya gari akaendesha raundi ishirini.

Hakuendesha hata moja. Leseni yenyewe hana mpaka leo.

Ila uongo ule aliulea vizuri, tusimnyime haki yake. Ulizaliwa mdogo. Alipokuwa anamposa marehemu mkewe zilikuwa raundi tano, maana alitaka apendeze, hakutaka atishe. Alipopata mtoto wa kwanza zikawa kumi. Alipokuja kuzaliwa mjukuu wake Afra, akawa anampakata pale dirishani, mabasi yanapita chini, mtoto anauliza, "Babu, ulikwenda mbio kuliko basi?" Basi hapo ndipo zilipofika ishirini, na Waitaliano wawili wakapitwa kwenye kona.

Mtoto akaamini. Na balaa lenyewe ndilo hilo, maana watoto wakiamini kitu hawakai nacho tu, wanakwenda nacho. Afra sasa ana miaka ishirini na moja na yuko chuo kikuu anasomea uhandisi wa magari. Siku ya usaili walimuuliza kwa nini msichana kama yeye anataka magari, akasema, kwa sababu ya babu yangu, aliwahi kuendesha Brands Hatch. Akapewa nafasi. Akarudi nyumbani akamkumbatia babu yake mpaka kofia ikaanguka. Mzee Mwadini akaokota kofia, akasema alhamdulillahi, akaenda chooni akakaa huko nusu saa.

Sasa msije mkadhani yote yalikuwa uongo, la. Mengine yote yalikuwa kweli, tena kweli ambayo mtu mwengine angejivunia. Mwadini alifika London mwaka sitini na nne, baridi inakata masikio, hana mtu, hana koti. Akapata kazi ya kufagia kwenye gereji moja kule Acton, ya Muingereza mmoja jina lake Ambrose, mtu mwenye mikono mirefu na akili ya mchezo. Ambrose na fundi wake Eddie walikuwa wameunda kigari cha mashindano cha kijani, kidogo, kimelala chini, ukikiona utadhani hodhi la kuogea limetiwa magurudumu. Mwadini akakiita Panzi. Mwaka sitini na saba wakakipakia kwenye lori bovu wakafuata msimu mzima wa yale mashindano marefu ya dunia: Monza, Ubelgiji, milima ya Sisili, misitu ya Ujerumani, Le Mans, mpaka kumalizia hapa Kent, Brands Hatch. Makampuni makubwa yalikuja na malori kumi na wapishi wao na matairi kama milima. Wao walikuja watu wanne na hema moja: Ambrose, dereva wa pili ambaye Mwadini alimwita Mrefu, Eddie na spana zake, na yeye Mwadini.

Kazi yake ilikuwa kufagia, kubeba matairi, na kuhesabu raundi. Hiyo ya kuhesabu aliipata kwa sababu hakuna aliyeweza kama yeye. Mashindano ya saa nyingi yanachosha macho, magari hamsini yanapita, wenzake wanapoteza hesabu. Mwadini alikuwa na tasbihi yake. Panzi akipita, punje moja. Punje thelathini na tatu zikitimia, anaandika kwenye karatasi. Kule Ubelgiji mvua iliharibu saa zote za kubonyeza, tasbihi haikuharibika.

Haya. Tumefika wapi? Tumefika jikoni Woolwich, asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa tano mwaka huu.

Mzee Mwadini alikuwa anakunywa chai na shemegi yake Miraji, kaka wa marehemu mkewe. Miraji ni Mpemba, mrefu, mwembamba, na kila Jumamosi huja kula mandazi na kubishana. Afra akaingia na simu mkononi, macho yanang'aa.

"Babu, angalia. Huyu si wewe?"

Kwenye simu palikuwa na picha ya zamani isiyo na rangi: kigari kidogo, watu watatu, na pembeni kijana mwembamba mweusi ameshika ubao, kichwani kofia ya kiua.

"Kofia ni yangu," akasema Mzee Mwadini, pole pole.

"Kuna mtu ana gereji Southall, jina lake Ravinder. Amelikuta gari lenu kwenye banda la mkulima, amelitengeneza miaka minne. Anatafuta watu waliofanya kazi nalo. Nimeshampigia. Anatungoja leo saa nane." Afra Kiswahili anakielewa chote lakini akichangamka anaruka kwenye Kiingereza, na hapa alikuwa ameshasimama juu ya kiti. "Babu, Panzi yupo! Utakaa ndani tena!"

Mzee Mwadini akarudisha andazi lake sahanini.

"Goti langu leo," akasema.

"Goti lako jana lilikwenda sokoni likarudi na mihogo kilo tano," akasema Miraji.

"Na treni Jumamosi zina matengenezo."

"Nimeangalia," akasema Afra. "Moja kwa moja mpaka Southall, hatubadilishi."

"Na mimi nakuja," akasema Miraji akipangusa mdomo. "Miaka hamsini nasikia raundi tano, raundi kumi, raundi ishirini. Leo nikaone hilo gari lenyewe kama lina viti."

Wakapanda treni. Afra akakaa mbele anaongea na simu, anawaambia wenzake wa chuo. Wazee wawili wakakaa nyuma yake. Kila treni ikiingia chini ya ardhi Mzee Mwadini anajiona kwenye kioo, na yule wa kwenye kioo anamtazama kama polisi.

"Mbona unatoka jasho, shemegi?"

"Joto."

"Joto gani, mimi nimevaa koti. Au ndo unajiandaa kwa mbio?"

"Miraji, kaa kimya, nakuomba."

Miraji akacheka peke yake mpaka Paddington.

Na Mzee Mwadini akawa anakumbuka mambo yalivyokuwa hasa. Maana chini ya ule uongo kulikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilikuwa baya kuliko uongo.

Ilikuwa mwisho wa msimu, na Kent si mbali. Miezi mingapi wale watu wanafanya kazi kama punda na wanakula mkate baridi na jibini, na yeye Mwadini anaona aibu kama vile ni wageni wake. Basi siku ile akaamka alfajiri akapika. Pilau ya kuku, sufuria zima, limefungwa kwenye blanketi, na pilipili ya kusaga aliyoletewa na baharia wa kwao kwenye chupa ya jemu. Saa tatu za mwanzo Panzi alikwenda kama anafukuzwa. Mbele huko wakubwa wanapigana, Waitaliano na magari yao mekundu na lile gari jeupe la Wamarekani lenye bawa mgongoni, lakini kwenye magari madogo, Panzi alikuwa wa kwanza. Wa kwanza! Kikombe walikuwa wanakiona pale mezani.

Mrefu yuko barabarani, Ambrose anangoja zamu yake. Mwadini akapakua. Ambrose akasema, nifundishe kula kama nyinyi. Akala kwa mkono, akatia pilipili, akacheka, akaongeza. Sasa nyumbani mkimaliza kula, mdogo wenu ndiye anayekunawisheni: anashika maji, anamimina, mnanawa. Mdogo alikuwa Mwadini. Akageuka kuchukua dumu la maji, dumu tupu. Wakati huo huo Panzi akapita, lazima ahesabu. Akasema moyoni, nitakuja kumnawisha sasa hivi. Ambrose akachukua miwani yake ya kuendeshea, na kabla ya kuivaa akajifikicha jicho. Halafu la pili.

Alilia kama mtoto mchanga. Mrefu akaingia kumkabidhi gari, akakuta mwenzake yuko chini anamwagiwa maziwa usoni na Eddie. Akangoja. Alikuwa na njaa. Kulikuwa na sahani pale. Akala kwa mkono, na kwa kuwa alikuwa ametoka kwenye gari lenye joto kama tanuri, akajifuta jasho la uso. Kwa mkono ule ule.

Panzi alisimama dakika thelathini na tano. Raundi ishirini, na hizo Mwadini alizihesabu kwa kuwatazama wengine wanavyopita. Wakamaliza wa mwisho. Ambrose, Mungu amrehemu, alikuwa muungwana. Watu walipomuuliza kwa nini gari lilisimama, akasema breki. Hakumgombeza mtu. Afadhali angegombeza. Mwaka uliofuata gereji ikafungwa, kila mtu akashika njia yake, na Mwadini akabaki na zile raundi ishirini tumboni mpaka siku alipokuwa anaposa.

Gereji ya Ravinder iko nyuma ya barabara kubwa ya Southall, unapita maduka ya dhahabu na harufu ya jalebi, unakata kushoto. Ravinder mwenyewe akatoka mbio, mzee wa miaka sabini, kilemba cha buluu, mikono ya grisi.

"Karibu mzee yangu! Wacha! Ni ule kijana wa kofia kabisa! Mimi ni mtu wa Nakuru, bwana, nimezaliwa huko. Mimi nilikuwa naona Safari Rally nikiwa mtoto, tunasimama kando ya barabara tunakula vumbi siku tatu. Ingia, ingia. Hii chai iko na tangawizi."

Na pale katikati, chini ya taa, Panzi. Kijani, anang'aa, namba sitini na moja ubavuni. Mzee Mwadini akasahau kila kitu. Akaenda akaweka kiganja kwenye boneti kama unavyomgusa ng'ombe unayemjua.

"Amekuwa mdogo," akasema.

"Wewe ndo umezeeka," akasema Miraji, lakini kwa sauti ya chini, kwa adabu.

Afra akalizunguka gari lote. Alikuwa anapiga picha na anapangusa macho kwa mkono wa fulana.

Ravinder akasema, "Ngojeni sasa, kuna mgeni mwingine. Hii ni surprise yangu." Akafungua mlango wa ofisi. Akatoka mzee wa Kiingereza, mfupi, mnene, anatembea kwa fimbo, ameshikwa mkono na mwanamke wa makamo.

Alikuwa Eddie.

Wazee wawili wakatazamana. Halafu Eddie akatupa fimbo.

"Mwadini! Mshenzi wewe! Nilijua umekufa!"

"Na mimi nilikuombea dua miaka ishirini, nirudishie dua zangu!"

Wakakumbatiana, matumbo yakagongana, wakacheka, wakapigana migongo mpaka vumbi likatoka. Mambo yangeishia hapo yangekuwa mazuri. Lakini yule mwanamke, binti yake Eddie, akamgeukia Afra kwa tabasamu, akamwambia:

"Lazima unajivunia babu yako. Alikuwepo siku baba yangu alipoendesha hili gari Brands Hatch. Madereva waliugua, unajua. Baba aliendesha raundi ishirini."

Afra akashusha simu aliyokuwa anapigia picha.

"Samahani," akasema Afra. "Babu yangu ndiye aliyeendesha. Raundi ishirini."

"Hapana mpenzi, baba yangu."

"Babu yangu."

"Baba, mwambie."

"Babu, mwambie."

Mzee Mwadini akatazama dari. Eddie naye akatazama dari. Dari lilikuwa la mabati.

"Choo kiko wapi?" akauliza Eddie.

"Na mimi," akasema Mzee Mwadini.

Choo cha Ravinder kilikuwa cha mtu mmoja, na mafuta ya gari yamepangwa mpaka kwenye sinki. Wakaingia wote wawili, wakafunga mlango, pua kwa pua.

"Wewe ulisema umeendesha?" akanong'ona Eddie.

"Na wewe?"

"Nilikuwa baa. Nilikuwa na miaka thelathini, mke amenikimbia. Nilitaka niseme kitu kizuri. Wewe?"

"Nilikuwa naposa."

Eddie akatikisa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba hiyo ni sababu.

"Sasa tufanyeje? Binti yangu ameandika kitabu kizima cha familia. Niko ukurasa wa kwanza."

"Mjukuu wangu anasomea magari kwa ajili hiyo. Akijua, Eddie, sijui ataniangaliaje." Na hapo akajifanya anakohoa.

Eddie akafikiri. Alikuwa fundi, na fundi hata akiwa na miaka themanini na sita bado anatafuta namna ya kuunganisha. "Ishirini zinagawika," akasema. "Wewe kumi, mimi kumi. Tulipokezana. Mimi za mwanzo."

"Kwa nini wewe za mwanzo?"

"Mimi mkubwa."

"Za mwanzo ndizo zenye Waitaliano! Mimi Waitaliano wangu wawili nimewasema miaka ishirini, siwezi kuwaacha."

"Wako wawili. Chukua mmoja."

Mzee Mwadini akafikiri. "Yule wa kwenye kona."

"Mchukue."

Wakapeana mikono juu ya sinki. Wakatoka. Eddie akaeleza, Mzee Mwadini akatia chumvi, mmoja anaanza sentensi mwengine anaimaliza, na ulikuwa uongo mzuri, tuseme haki, ulikuwa na kupokezana kwa usukani na Muitaliano mmoja mmoja. Binti yake Eddie akapiga makofi. Afra akacheka kwa furaha, akamkumbatia yule mwanamke. Miraji peke yake akawa anajikuna kidevu, anamtazama shemegi yake kwa jicho moja.

Mzee Mwadini akavuta pumzi. Akachukua sambusa iliyowekwa kando ya chai ya Ravinder.

"Basi hii karatasi sasa nitaelewa," akasema Ravinder. "Ngojeni niwaonyeshe. Ilikuwa ndani ya gari, chini ya kiti, kwa bahasha ya ngozi. Imekaa huko hii miaka yote."

Akaleta karatasi kubwa ya manjano ndani ya plastiki. Safu za namba, saa baada ya saa, mwandiko wa mtu anayebana kalamu. Halafu katikati pengo, na ndani ya pengo mistari mitatu ya herufi za Kiarabu.

Sambusa ikasimama njiani.

Kwa sababu Mwadini skuli hakuiona. Kuandika alifundishwa madrasa tu, kwa fimbo na kibao, na Kiswahili chake akakiandika hivyo hivyo, kwa herufi za Kiarabu, na irabu zote juu na chini kama mwalimu anavyotaka. Namba aliwaandikia Waingereza. Maneno alijiandikia mwenyewe. Na haya alikuwa ameyasahau kabisa.

"Mimi nilipeleka kwa jamaa hapa Broadway anasoma Urdu," akasema Ravinder. "Akasema herufi najua, maneno sijui. Nikapeleka kwa Mwarabu wa Edgware Road, muuza vitabu. Hivyo hivyo. Ati hii ni siri ya kampuni."

"Ngoja," akasema Afra. Akaisogeza karatasi karibu na taa. "Hizi nazijua. Hivi ndivyo tulivyokuwa tunasoma madrasa, na irabu." Akaweka kidole. "Ga... ri. Gari. Babu, ni Kiswahili!"

"Macho yangu, Afra, hebu tuachie, turudi nyumbani, magharibi itatukuta..."

"Saa tisa saa hizi," akasema Miraji. "Soma, mwanangu."

Afra akasoma, silabi silabi, kidole kinatembea kutoka kulia, sauti ile ile ya mtoto wa miaka saba aliyekuwa akimsomea babu yake pale dirishani. "Gari li-me-si-ma-ma. Gari limesimama. Pi-li-pi-li i-me-wa-i-ngi-a ma-cho-ni... wote wawili. Pilau ya-ngu." Akapunguza mwendo. "Si... ku... wa-na-wi-sha. Nisamehe, Mola."

Akaacha kidole pale pale. Ravinder akashusha kikombe cha chai, maana Kiswahili chake kilitosha.

"Inasema nini?" akauliza binti yake Eddie, ambaye Kiswahili hajui hata neno jambo.

Afra akainua macho akamtazama babu yake. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamuuliza. Mzee Mwadini akainamia viatu vyake. Basi Afra akageuka kwa yule mwanamke, masikio yamemuwiva mekundu.

"Inasema," akasema, "inasema waliendesha vizuri sana. Wote wawili."

Afra yule. Ambaye hajawahi kusema uongo hata wa kuvunja kikombe, ambaye akiwa mdogo alikuwa akikosea anakuja kujishtaki mwenyewe kabla hujajua. Amesimama pale Southall anamdanganya mwanamke wa watu kwa ajili ya babu yake, na hajui hata aweke wapi mikono.

Mzee Mwadini akaweka sambusa chini.

"Hapana, mama," akamwambia Afra. "Usiubebe wewe huo uongo. Ni wangu, na umeshanizidi uzito."

Akawaambia. Yote, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga ili wote wasikie: pilau, pilipili, mkono, jicho la Ambrose, sahani ya Mrefu, dakika thelathini na tano. Eddie alijaribu kumvuta koti, akashindwa, akaachia. Mzee Mwadini akamalizia, "Sikuendesha hata raundi moja. Huyu naye hakuendesha. Hatukumpita Muitaliano yeyote. Kikombe kilikuwa chetu, mimi nikakipoteza kwa sababu nilisahau kujaza maji. Dumu lilikuwa tupu. Mtu mzima anakula kwako kwa mkono, hukumnawisha, na wewe ndiye mdogo. Aibu ile ndiyo nimeifunika kwa uongo."

"Hata moja?" akauliza Afra. Sauti ndogo.

"Hata leseni sina."

"Nilisema kwenye usaili, Babu."

"Wewe ulisema unachokijua. Muongo ni mimi."

Hapo Eddie akagonga fimbo chini, mara mbili.

"Dumu lipi?" akasema. "Lile jekundu?"

"Jekundu, la kushoto kwa hema."

Eddie akakaa juu ya tairi. Uso wake ulikuwa umepauka. "Ulijaza, Mwadini. Lilikuwa limejaa. Mrefu alipoingia kwa mafuta mara ya kwanza Panzi alikuwa anachemka, nikachukua maji ya kwanza niliyoyaona nikayamwaga yote kwenye rejeta. Nilijua ni yako. Nilitaka nikujazie, nikasahau. Halafu Ambrose akaanza kulia, na mimi nikanyamaza." Akamtazama binti yake. "Kwa hiyo ukurasa wa kwanza, mpenzi, itabidi tuuzungumze."

Mzee Mwadini akasimama kama aliyepigwa na umeme.

"Miaka hamsini na nane," akasema. "Miaka hamsini na nane kila nikiona dumu najilaumu! Nilikuwa nikienda kwa watu nawanawisha mpaka wanadhani mimi mtumishi! Wewe! Eddie! Mwizi wa maji!"

"Maji yenyewe ndiyo yaliyookoa injini!"

"Injini imesimama dakika thelathini na tano, iliokolewa ifanye nini?"

Miraji alikuwa amejishikilia ukutani. "Watu wanne," akasema, machozi yanamtoka, "watu wanne wamezunguka dunia nzima, Monza, sijui Ujerumani, wakashindwa na chupa ya jemu!" Ravinder akapasuka. Binti yake Eddie, ambaye alitaka kukasirika, alijaribu sana, akashindwa, akamwinamia baba yake akacheka begani kwake.

Afra hakucheka. Aliondoka pale akaenda kusimama upande wa pili wa gari, kawapa mgongo. Mzee Mwadini akamfuata hatua mbili, akasita. Alichokuwa nacho cha kumwambia mtoto yule, miaka yote, kilikuwa kile kile kimoja, na sasa amekitoa.

Afra akafungua mlango wa Panzi, mdogo kama mlango wa kabati. Akatazama kiti, pedali, kipande cha bati pembeni kilichokwaruzwa kwa msumari. Halafu akavuta tairi, akakaa juu yake, akatoa daftari la chuo kwenye mkoba na kalamu, akafungua ukurasa mweupe.

"Kaa hapo," akamwambia babu yake, kwa Kiswahili, na kidole kinaonyesha tairi la mbele yake. "Na wewe pia," akamwambia Eddie kwa Kiingereza. "Mtaanza mwanzo. Monza. Na anayesema uongo, mwenzake anamshtaki hapo hapo."

"Umekasirika, mama?"

"Sana. Monza."

Wakakaa. Mzee Mwadini akakohoa, akaanza, na ndipo akagundua kazi yenyewe ilivyo ngumu. Monza ilikwenda, Monza haikuwa na mambo. Ubelgiji mvua, wote wawili walikubaliana mvua. Lakini walipofika Sisili, kwenye ile barabara ya milimani, Panzi anashuka kwa kasi na mbele yake katikati ya njia amesimama...

"Mbuzi," akasema Mzee Mwadini.

"Kondoo," akasema Eddie.

"Mbuzi, Eddie! Alikuwa na ndevu!"

"Mwenye ndevu alikuwa mwenyewe, mchungaji. Kondoo."

"Mimi nimekua na mbuzi, wewe umekua na spana, nani anamjua mbuzi hapa?"

"Na Ambrose akamkwepa kulia."

"Kushoto! Kulia kuna bonde, angemkwepea bondeni?"

Afra alikuwa ameinamisha kichwa juu ya daftari na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mzee Mwadini akashtuka, akainama amtazame usoni kama analia. Alikuwa amebana midomo kwa nguvu zote, na cheko linamtoka puani.

Akaandika: *mnyama*. Akapiga mstari chini yake.

"Endelea, Babu," akasema. "Akamkwepa. Halafu?"